Bunduki ya mbao na dhamana yake

Maji yalinifika kifuani na chini palikuwa mchanga mtupu. Niliegemeza kitako cha bunduki yangu ya mshale, ya kuwindia samaki, kwenye nyonga, nikakamata mpira wa kwanza wa kurushia mshale kwa mikono miwili, nikauvuta hadi kamba yake ikakaa kwenye pengo la mshale. Nikapumua. Nikauvuta wa pili. Mbao haikutoa sauti, mshale haukutikisika. Mdomo wa bunduki ulitazama mahali pasipo na mtu na kidole changu kilikuwa mbali na kifyatulio. Kilichozuia nguvu yote ile isitoke kilikuwa jino la chuma dogo kuliko ukucha wangu, limekaa ndani ya tundu nililolichimba mwenyewe kwa patasi.

Nani amesema litashika?

Bunduki ya kiwandani huja na jibu lake. Nyuma yake kuna watu waliokwisha kuvunja nyingine za aina hiyo ili yako isivunjike. Nyuma ya hii yangu nilikuwa mimi, meza ya kazi na kopo la gundi.

Nilizama, nikalenga shabaha niliyoifunga chini, mshale ukaenda ulikotakiwa. Swali lilibaki palepale. Limekaa nami wiki kadhaa sasa. Watu wengi wanaotaka kuanza kazi hii huuliza mbao ipi na mipira mingapi, na hayo nitayagusa, lakini naandika zaidi kwa ajili ya swali hilo moja.

## Mbao haitulii

Nilitumia msaji. Una mafuta yake ya asili, hauozi upesi, na haujikunji sana ukilowa na kukauka. Mafuta hayohayo yanayoulinda ni adui wa gundi. Kila uso uliotarajiwa kupokea epoksi niliufuta kwa asetoni mpaka kitambaa kikatoka safi, kisha nikabandika papo hapo, kabla mafuta hayajapanda tena.

Ningeweza kuichonga kutoka ubao mmoja mnene. Wapo waliofanya hivyo na bunduki zao zinapiga vizuri hadi leo. Nilichoogopa ni tabia ya mbao yenyewe. Ikinywa unyevu au ikiupoteza, hutanuka na kusinyaa kwa kufuata pete za umri wa mti karibu mara mbili ya inavyofanya kwa kuzikata pete hizo. Ubao wenye pete zilizolala mshazari unaweza kuwa umenyooka leo, na msimu ukibadilika ukaukuta umepinda. Kwenye kabati, milimita tatu za kupinda hazimsumbui mtu. Kwenye mtutu unaozidi mita moja, milimita tatu ni samaki aliyejeruhiwa mkiani akaenda kufia mbali.

Kwa hiyo niliupasua ubao mabamba matatu, nikaligeuza la kati kichwa chini ili nyuzi zake zivute kinyume na za wenzake. La kati likitaka kwenda kushoto, majirani zake wanataka kulia, na gundi inawalazimisha kukubaliana.

Niliyalaza juu ya boriti ya chuma iliyonyooka kabla ya kukaza klampu. Hapa sikubali njia ya mkato. Gundi hugandisha umbo lolote itakalolikuta. Ukibandika juu ya meza iliyobonyea utapata mtutu uliobonyea, na randa haitaurudisha.

Klampu zilipofunguliwa nilivuta uzi kutoka ncha hadi ncha, nikainamisha kichwa, nikafumba jicho moja. Ulikuwa umenyooka.

Umenyooka ukiwa umepumzika, hata hivyo. Bunduki haipumziki ikiwa na kazi.

## Upinde unaokatazwa kupinda

Mipira imefungwa mdomoni, inauvuta mshale kwenda mbele, na mshale umeshikwa na mtambo wa kufyatulia kule nyuma. Mtutu uko katikati ya ugomvi huo, unabanwa kutoka ncha zote mbili. Mstari wa mvuto unapita juu ya kitovu cha mbao, kwa hiyo upande wa juu unabanwa zaidi ya upande wa chini, na mdomo unatamani kuinuka. Hakuna ajuaye umeinuka kiasi gani mpaka mshale upite juu ya samaki.

Hesabu iliyonitoa hofu ni hii. Ukiongeza upana wa mbao maradufu, ukaidi wake wa kutopinda kwenda juu unaongezeka maradufu. Ukiongeza kimo chake maradufu, ukaidi huo unaongezeka mara nane. Mtutu wa kimo cha sentimita nne unakataa kupinda zaidi ya mara mbili ya mtutu wa sentimita tatu wenye upana uleule. Sentimita moja tu ya msaji!

Basi si ungeipa kimo kikubwa ukamaliza? Maji yanakataa. Bunduki yenye ubavu mrefu ni nzito kuigeuza kushoto na kulia chini ya maji, na samaki hasubiri ubavu huo umalize kusukuma maji. Nilichonga nikapima, nikachonga nikapima, nikaacha kimo kikubwa kuanzia kwenye mtambo hadi katikati, kisha nikakipunguza taratibu kuelekea mdomoni. Niliutegemeza mtutu kwenye vigingi viwili, nikauning'inizia uzito katikati na kupima umebonyea kiasi gani kwa rula ya chuma. Namba ile niliiandika kwa penseli ndani ya tundu la mtambo, mahali ambapo hakuna atakayeiona isipokuwa mimi.

Mfereji wa mshale juu ya mtutu niliuacha hadi mwisho wa uchongaji, baada ya mbao kukaa siku kadhaa ndani ya chumba bila kuguswa. Ukiuchimba mapema, kila mzunguko wa randa unaofuata unaweza kuamsha msukumo uliofichika ndani ya nyuzi, na mfereji ukaenda nao.

## Jino

Nilipoanza nilitaka kila kitu kitoke mikononi mwangu: mbao, mpini, mtambo, hata pini. Kwa mtambo nilikata bamba la chuma kisichoshika kutu, daraja la 316, lile lenye molibdenamu inayosaidia kupambana na chumvi. Muundo wenyewe ni rahisi. Jino linashika mkia wa mshale, kifyatulio kinalizuia jino lisizunguke, na kidole kikivuta, jino linaachiwa na mipira inamaliza kazi. Vipande viwili, pini mbili, springi moja.

Ugumu umo pale vipande hivyo viwili vinapogusana. Vikigusana kwa upana mkubwa, kifyatulio kinakuwa kizito na kidole kinatikisa bunduki nzima. Vikigusana kwa upana mdogo, bunduki inaweza kujifyatua ikigonga mwamba. Kati ya hali hizo mbili kuna sehemu tu ya milimita, na sehemu hiyo huliwa kidogo kidogo kila mshale unapotoka.

Mtambo wangu ulifanya kazi. Ulishika na kuachia kama ulivyoagizwa. Lakini nilipoufungua baada ya mazoezi ya mezani na kuutazama kwa kioo cha kukuzia, ukingo uliokuwa mkali ulikuwa umeanza kung'aa na kuviringika. Kidogo sana. Chuma cha 316 ni hodari mbele ya kutu, ila ni laini ukikilinganisha na vyuma vinavyopitishwa motoni ili vigumu. Sikuwa na njia ya kujua ukingo ule ungeviringika kiasi gani baada ya msimu mzima wa kazi.

Usiku ule niliugeuza mtambo mkononi kwa muda mrefu. Niliupenda. Kila tundu lake nililitoboa kwa keekee ya mkono, kila upande niliupiga tupa mpaka mabega yakauma. Nilijiambia labda nikaze zaidi, labda nipanue mgusano, labda ukingo ule ukishaviringika kiasi fulani utatulia. Labda, labda.

Fahari yangu ilitaka mtambo wangu. Mtu anayezama hatua chache kutoka kwangu hana haja na fahari yangu.

Nilinunua mtambo uliotengenezwa kwa chuma kilichogumishwa. Uamuzi ule uliniuma, na kwa siku kadhaa sikuweza kuiita bunduki ile yangu. Kilichonirudisha ni kazi iliyofuata, maana kununua mtambo hakukuihamisha dhamana. Kuliisogeza tu, kutoka kwenye chuma kwenda kwenye mbao inayokishikilia.

Fikiria nguvu inavyosafiri. Mipira inavuta mshale, mshale unavuta jino, jino linavuta kasha la mtambo kwenda mbele. Kama kasha linashikwa na pini peke yake, nguvu yote inashukia vitundu viwili vyembamba, na mbao hupasuka kirahisi kwa kufuata nyuzi zake. Nililichimba tundu la mtambo mpaka uso wa mbele wa kasha ukabana barabara dhidi ya ukuta wa mbao, bila mwanya wa hata unene wa karatasi. Ukuta unabeba mzigo, na pini kazi yake ni kulizuia kasha lisipande. Vitundu vya pini nilivitoboa vikubwa kupita kiasi, nikavijaza epoksi, ikakauka, nikatoboa upya katikati yake. Hivyo pini haigusi mbao kabisa, na maji hayapati mlango wa kuingia kwenye nyuzi.

Kuna jambo jingine kuhusu tundu lile ambalo ningependa kila mtengenezaji alijue. Chuma kisichoshika kutu hujilinda kwa utando mwembamba unaohitaji oksijeni ili ujirudishe kila unapokwaruzwa. Ndani ya kishimo kilichobana, chenye maji ya chumvi yaliyotuama, oksijeni inakwisha na utando haurudi. Kutu huanzia hapo, gizani, wakati nje chuma kinang'aa. Kwa hiyo mtambo wangu unatoka. Kila baada ya kuzama unatolewa, unaoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, unakaushwa, na mimi ninautazama.

## Mchanga

Hapa ndipo swali langu lilipoanza kupata jibu, mbali kabisa na bahari.

Nilipima nguvu ya kila mpira kwa mizani ya kuning'iniza, ukiwa umevutwa hadi pengo lake. Nikajumlisha. Mipira miwili minene hufikia uzito wa mtu mzima bila shida. Kisha nikaifunga bunduki kwenye boriti, mdomo ukitazama chini, nikaweka kwenye mtambo kipande kifupi cha chuma chenye mkia kama wa mshale, na kwenye kipande hicho nikaning'iniza magunia ya mchanga, moja baada ya jingine, mpaka uzito ukafika mara mbili ya jumla ya mipira yote.

Nikauacha mzigo ule usiku kucha.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza kuamka nyumbani. Magunia yalikuwa bado hewani. Niligonga mtutu kwa nyundo ya mbao, taratibu, halafu kwa nguvu. Mchanga haukushuka. Nilipofungua, nilitazama ukuta wa tundu kwa taa, nikatafuta ufa, nikatafuta mahali nyuzi zilipobonyea. Nikatazama pini kama zimepinda. Nikairudia kazi yote upya siku nyingine, mbao ikiwa imelowekwa kwanza, maana mbao yenye maji ni dhaifu kuliko mbao kavu na bunduki haitumiki ikiwa kavu.

Mpaka siku ile, kuamini bunduki yangu kulikuwa hisia. Nilipenda rangi yake, nilipenda inavyokaa mkononi, na kwa kuipenda nikadhani inaaminika. Magunia ya mchanga hayakuipenda.

Najua wapo watakaosema jaribio la namna hii ni la kupita kiasi kwa bunduki ya mtu mmoja. Naona kinyume. Kiwanda kinaweza kuvunja bunduki kumi ili kijifunze kitu. Mwenye bunduki moja lazima aisukume karibu na kuvunjika bila kuivunja, na afanye hivyo mahali ambapo ikivunjika kitakachoanguka ni mchanga.

## Mpira wa tatu

Mbao nzito inaruhusu mipira mingi, na hapo ndipo kishawishi kinapokaa. Bunduki za msaji zenye mipira mitatu, minne na zaidi zilizaliwa kwa ajili ya kuwinda jodari na samaki wengine wakubwa wa maji ya kina, ambako mshale mnene unasafiri mbali na samaki ana nguvu ya kuburuta mtu. Mimi ninawinda karibu na mwamba, mara nyingi kwa umbali mfupi. Mtutu wangu una nafasi ya mpira wa tatu. Niliutoboa tundu lake, na nimekaa nao wazi tangu hapo.

Kipenyo cha mpira kinadanganya macho. Mpira wa milimita 16 unaonekana karibu sawa na wa milimita 14, lakini nguvu hufuata eneo la mkato wake, kwa hiyo ule wa 16 unavuta kwa takribani asilimia 30 zaidi ukivutwa kwa uwiano uleule. Na uwiano wenyewe unachanganya watu: mmoja akisema asilimia 300 anamaanisha mpira umefika mara tatu ya urefu wake, mwingine anamaanisha umeongezeka mara tatu, yaani umefika mara nne. Niliachana na asilimia. Nilipima kutoka tundu la mpira hadi pengo la mshale, nikapata sentimita 90, nikagawanya kwa 3.5. Kila upande ukawa na sentimita 26 hivi, mpira mzima 52.

Kila nguvu inayomsukuma mshale mbele inaisukuma bunduki nyuma. Mshale wa chuma wa milimita 7 wenye urefu wa mita 1.4 una takribani gramu 420, na bunduki nzima haifiki mara saba ya hapo. Ukiongeza mpira, mdomo unaruka kabla mkia wa mshale haujatoka kwenye mfereji, na sentimita chache za shabaha zinapotea. Mpira wa tatu ungenipa umbali nisiouhitaji na kuninyang'anya usahihi ninaouhitaji.

Hilo ni jibu la hesabu. La moyoni ni kwamba kila mpira ninaoongeza ni swali jipya kwa lile jino.

## Kuelea

Sehemu hii ilinipa furaha tupu. Lita moja ya msaji ina uzito wa takribani gramu 650, na lita moja ya maji ya bahari gramu 1,025. Mtutu wa lita mbili unataka kupanda juu kwa nguvu ya kama gramu 750. Mshale ndani ya maji unavuta chini kwa gramu 365 hivi, mtambo unaongeza zake. Kilichobaki nilikisawazisha kwa vipande vya madini ya risasi nilivyovizamisha tumboni mwa mbao, zaidi upande wa mdomo, mpaka bunduki yenye mshale ikatulia ndani ya pipa la maji bila kupanda wala kuzama haraka. Mshale ukitoka, bunduki inapanda juu kukusubiri. Unaweza kuiachia ukashughulika na samaki na pumzi yako, na pumzi ndiyo ya kwanza.

Nilikaa kando ya pipa lile nikiisukuma kwa kidole, inarudi, naisukuma tena.

## "Nitengenezee na mimi"

Mwenzangu wa kuzama aliishika majini, akaipiga, akanirudishia. Sisi hatuzami peke yetu. Mmoja akiwa chini mwingine yuko juu anamtazama, kwa sababu mtu anaweza kupoteza fahamu akiwa anarudi, karibu kabisa na uso wa maji, bila dalili yoyote. Kwa hiyo nimemkabidhi mtu huyu maisha yangu mara nyingi. Aliniambia tukiwa bado tunavua mapezi: "Kaka, nitengenezee na mimi."

Nilisema tutaona. Kwa wiki kadhaa sikumpa jibu, na nadhani alianza kufikiri ninasubiri anitajie pesa.

Mambo yangu ni rahisi. Nikishika bunduki hii najua kila udhaifu wake. Najua ukuta wa tundu una nyuzi zilizopinda kidogo upande wa kulia na ndiyo maana nautazama kwanza. Najua haifai kujazwa nje ya maji hata kwa sekunde moja, na kwamba kile kizuizi kidogo cha kifyatulio hakinipi ruhusa ya kuuelekeza mdomo kwa mtu. Ujuzi huo haukai ndani ya mbao. Ningempa bunduki iliyopita jaribio la mchanga, naye angepokea kitu kizuri cha msaji anachokiamini kwa sababu ananiamini mimi. Hapo ndipo nilipokwama. Kuaminiwa kwangu hakuongezi hata gramu moja kwenye ukingo wa jino.

Juzi nilimpigia. Nilimwambia sitamtengenezea, lakini meza yangu iko wazi. Aanze kwa kuuliza sheria za maji anayotaka kuwindia, maana kuna mahali bunduki za samaki zimepigwa marufuku kabisa na mahali pengi haziruhusiwi ukiwa na mtungi wa hewa. Kisha achague ubao wake, apasue mabamba yake, achimbe tundu la mtambo kwa patasi yangu. Nitasimama pembeni. Magunia ya mchanga atayaning'iniza yeye, na asubuhi atakayetafuta ufa kwa taa ni yeye.

Alinyamaza kidogo, akakubali, kisha akaweka sharti lake: anataka mipira mitatu. Yeye anaota jodari. Nimemwambia basi tutaning'iniza mchanga wa mipira mitatu, mara mbili yake, na tutaanza na mtutu wenye kimo kikubwa kuliko wangu.